Upande wa Msichana

Kwa Waswahili wa Berea, kijana akitaka kuoa na hana mzazi karibu, humwendea Bakiri. Si kwamba Bakiri ana cheo. Anauza mabegi ya safari kando ya barabara katikati ya jiji, yale makubwa ya magurudumu, na kazi hiyo peke yake isingemfanya mtu ajulikane. Watu wanamjua kwa ulimi wake. Tangu aje Johannesburg kutoka Tanga amepeleka posa za Wazanzibari, za Warundi, hata ya Mkongo mmoja aliyekuwa ameshakataliwa kwingine, na hakuna nyumba iliyomrudisha mikono mitupu. Mwenyewe hulitaja jambo hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Asilolitaja ni kwamba binti yake Nasra aliolewa huko Tanga bila yeye. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwama. Angetoka asingeweza kurudi. Siku ya ndoa shemeji yake ndiye aliyekaa kumsemea mtoto, na Bakiri akasikiliza kwa simu, katikati ya mabegi, honi za teksi zikimmeza sheikh. Mtu aliyewasemea watoto wa wenzake hajawahi kukaa upande wa msichana hata siku moja. Linamuuma, na halijaacha kumuuma.

Ndiyo maana Goreth alipomfuata barabarani Jumapili moja, Bakiri hakujiuliza mara mbili. Goreth ni Mrundi, mjane, anasuka nywele kwenye chumba cha chini cha jengo wanamoishi wote. Ana mtoto mmoja tu, Falonne, binti wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila akiwa na wenzake ni Kizulu na Kiingereza.

"Baba Nasra, minakuomba kitu," Goreth alisema. "Siku ya Jumanne watakuja nyumbani juu ya Falonne."

Bakiri akaliweka begi chini. "Alhamdulillahi. Kijana anafanya kazi gani?"

"Hapana kijana. Ni ekipe."

Ilibidi aeleze kwamba ekipe ni timu. Falonne alijifunza besiboli shuleni, na kazi yake uwanjani ni kurusha: anautupa mpira kwa namna ambayo mpinzani mwenye gongo atapiga hewa. Sasa kulikuwa na ligi ndogo ya wanawake ya kulipwa. Kila mwaka timu zake hupokezana kuchagua wasichana wanaocheza bila malipo, na timu ikishakuchagua nyingine haikugusi: mnaelewana, au unakaa mwaka mzima kungoja uchaguzi mwingine. Kila timu ina fungu moja tu la pesa la kuwasajili wote iliowachagua, kwa hiyo akichota sana wa kwanza, wa mwisho anakuta sufuria imekwanguliwa. Falonne alichaguliwa wa nne. Mwanamke aliyemchagua alikuwa anakuja kuzungumza na familia.

"Na mimi familia sina hapa," Goreth alisema. "Nitaongea vipi mwenyewe bei ya mtoto wangu?"

"Wewe hutasema neno," Bakiri alimjibu. "Utapika chai."

Jumanne alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua. Marthe, jirani wa mlango wa pili, alipoiona kanzu na nyuma yake mgeni akipanda ngazi, alipiga vigelegele ukumbi mzima, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumweleza. Mgeni alikuwa mama wa makamo, Mzulu, jina lake Lindelwa, amevaa raba na koti la timu. Falonne alikuwa amefungiwa chumbani kama ada inavyotaka, akisonya kiasi cha kusikika sebuleni.

Lindelwa hakuzunguka. Alisema kwa Kiingereza chepesi kwamba msichana ana mkono wa kasi, ila mguu wa mbele unatua vibaya na hilo litarekebishwa, na kwamba haogopi akizidiwa, jambo ambalo halifundishiki. Akatoa karatasi kwenye faili. "Hiki ndicho tulichomtengea."

Bakiri akairudisha karatasi taratibu, kwa vidole viwili. "Mama, karibu mandazi kwanza."

Mandazi yakaliwa. Karatasi ikarudi mezani, naye akairudisha tena.

"Tumesikia," alisema. "Familia itakaa, kisha itawajibu."

"Usajili unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Kama ni pesa, niambieni."

"Leo hatuzungumzi pesa."

Alisema kwa heshima zote, na moyoni alikuwa na raha ambayo hajawahi kuionja. Kwani ni nani asiyejua habari za haraka za upande wa mume? Likizo ya bwana harusi inakwisha, ndege inaondoka, bibi yake mgonjwa anataka kumwona mkwe kabla hajafa. Uongo huo wote Bakiri aliutunga yeye, miaka nenda miaka rudi. Basi hiyo Ijumaa aliisikia akatabasamu, akamsindikiza mgeni hadi kwenye ngazi.

Asionewe, hakukaa bure. Upande wa msichana huchunguza kwanza wanapeleka mtoto wapi, na Bakiri alichunguza kweli. Alijua kwa Falonne majina ya waliochaguliwa na timu ile mwaka jana, akawatafuta mmoja mmoja, kwa miguu au kwa simu. Wa kwanza kuchaguliwa, aliyechota karibu nusu ya fungu, alishikwa na hamu ya kwao baada ya mwezi akarudi Durban, na pesa ikaenda naye. Mwingine alimkuta kwenye kaunta ya duka la viatu. Aliachwa kabla ya msimu kwisha, lakini akakiri walimlipa hadi siku ya mwisho. Wa tatu, Olive, binti wa Kirundi wa mtaa wa Hillbrow, aliumia bega mapema na akategemea kufukuzwa. Timu ilimtibu, ikamweka, na sasa anarusha tena.

"Yule mama Lindelwa alikuwa anakuja hospitali na matunda," Olive alimwambia. "Wakubwa wake walimsema sana kwa ajili ya yule aliyeondoka. Mwaka huu anaogopa kukosea tena."

Bakiri aliondoka ameridhika. Wakwe wanafaa. Alipanga Jumamosi ampigie mgeni amwambie waanze mazungumzo.

Ijumaa asubuhi alikuwa anafungua mabegi, kanzu tayari mwilini kwa ajili ya swala, alipomwona Falonne anakuja mbio, robot, ile taa ya barabarani, ikiwa nyekundu na magari yakimpigia honi.

"Baba Nasra, ulisema hapana?"

"Nani kasema hapana?"

"Eish! Lindelwa amenipigia. Anasema familia imekataa. Pesa yangu, nusu amempa msichana wa Polokwane. Yule alikuwa hataki kusaini, sasa anasaini. Iliyobaki inafungwa saa sita, halafu mimi basi. Mpaka mwaka kesho."

Bakiri alitaka kujitetea kwa ada na desturi, akaona uso wa binti yule, akaghairi. Alimwachia Mahmoud, muuza mikanda wa pembeni, mabegi yote yakiwa wazi, wakapanda teksi kwenda kwa Lindelwa.

Njiani alimwambia ukweli. "Sikukataa, mwanangu. Mambo haya hayajibiwi siku ya kwanza, huo ndio utaratibu. Lakini ningeweza kuuliza hiyo Ijumaa ni Ijumaa ya kweli au ya maneno. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nafurahi kukaa pale. Nasra wangu sikupata kumkalia siku ya ndoa yake."

Falonne akauliza Olive alisema nini, naye akamweleza yote aliyoyapata, mpaka matunda.

Mshenga harudi upande wa pili kubembeleza. Ndiyo sheria aliyowafundisha vijana kadhaa. Siku ile alisimama mlangoni mwa ofisi iliyo chini ya majukwaa ya uwanja, kofia mkononi, akaeleza kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba "tumesikia" si "hapana", na kwamba karatasi hairudishwi kwa dharau.

Lindelwa alimtazama, akaitazama kanzu, kisha akajishika uso kwa viganja. "Baba! Lobola? Mlikuwa mnafanya mambo ya lobola, ya posa na mahari? Wajumbe wa mume wangu walisimamishwa getini kwetu mpaka jua likawachoma shingo. Ungeniambia, ningekuja na mjomba wangu." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Lakini nimeshaahidi ile nusu. Siwezi kumnyang'anya yule mtoto. Kilichobaki ni hiki."

Akageuza karatasi. Bakiri akaisoma tarakimu, na ulimi wake ukaamka wenyewe. Alijua aliyeondoka na pesa mwaka jana. Alijua mama huyu anamwogopa nani. Kulikuwa na maneno laini ya kumbana nayo, na saa ilikuwa bado haijagonga. Akavuta kiti cha karibu na mlango, mahali pa msemaji, akasafisha koo.

Falonne akamshika mkono wa kanzu. "Baba Nasra. Njoo ukae huku, upande wangu. Wewe kaa tu. Mimi nitasema."

Akakaa.

Falonne alimpigia mama yake kwanza, wakasemezana Kirundi maneno machache. Goreth alilalamika kwa sauti ya kusikika, kisha akasema sawa. Halafu binti akazungumza na Lindelwa kwa Kizulu na Kiingereza, bila kupandisha sauti. Pesa hiyo angeikubali. Lakini akicheza hadi mwisho wa msimu, wakae tena waongee malipo upya. Na akiumia, atunzwe kama Olive alivyotunzwa. Lindelwa aliinua macho kwa jina la Olive, akamtazama Bakiri, akaelewa habari zimetoka wapi. Akayaongeza yote mawili kwa mkono wake chini ya karatasi, akatia sahihi pembeni.

"Nawe, baba," akamuuliza, akimpa Falonne kalamu, "una la kusema?"

Bakiri, ambaye hajawahi kukosa la kusema katika nyumba ya mtu, alitikisa kichwa. Alikuwa anamwangalia Falonne akiandika jina lake, na alikuwa analia.