Kamba Iliyobaki Katika Koti la Nkambo

Mwavuli mmoja wa mama, manyoya ya mkia wa jogoo wa jirani na nusu ya kamba ya kuanikia nguo: hiyo ndiyo gharama yote ya upinde wa kwanza wa avenue yetu, kule mtaani Katuba. Nimehesabu mara mbili. Fimbo ya mpera ilikuwa ya bure. Jogoo hakuulizwa. Mama aliuliza mwenyewe, siku mvua ya kwanza iliponyesha.

— Nani alikata mwavuli yangu? Sasa tutafunika mishale ku kichwa?

Enzi zetu, ninyi mliokulia huko mnajua, mshale ulikuwa waya wa mwavuli ulionolewa kwenye sementi. Shabaha ilikuwa boîte, kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya ukuta. Aliyekosa aliruka ukuta kuufuata mshale wake, na upande wa pili mbwa wa jirani alikuwa ndiye douanier, mtoza ushuru wa mpakani. Leo mtoto akipoteza kitu anakitafuta kwenye simu, akiwa amekaa. Sisi tulijua bei ya kukosa, na wengine wetu tunayo alama yake mguuni mpaka leo.

Kisha akaja Nkambo, baba yake baba, kutoka Mitwaba, kaskazini, juu ya lori, kuja kutibiwa goti. Alishuka na gunia la unga wa mihogo, koti zito ambalo hakulivua hata wakati wa joto, na upinde uliofungwa katika mkeka. Alichukua silaha yetu ya mwavuli, akaigeuza, akainusa.

— Njo nini hii? Iko buta ao iko antenne ya radio?

Buta ndilo jina la upinde katika Kiluba, lugha yake. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na tulilipata bila kuomba. Waya zote akazitia chooni, kwa sababu ya macho ya watoto, alisema.

Sheria ya Nkambo ilikuwa hii: hugusi kitu usichoweza kukitaja. Ukitaka kushika mti wa upinde, taja mti. Ukitaka mshale, taja ncha, taja manyoya ya nyuma, taja ule mkato mdogo unaokaa kwenye kamba. Podo la ngozi la kubebea mishale lilikuwa na jina lake, na mfuniko wake jina lake tena. Dada yangu, Yaya Odette, alikuwa na kichwa. Alitaja vyote kabla Nkambo hajamaliza ugoro wake. Mimi nilikuwa na mdomo.

— Nkambo, nakupatia majina mbili, unipe mishale tatu.

— Huyu atauzisha hata kaburi yangu, alimwambia mama. Taja, wee! Hapa haiko soko.

Kila Jumapili baada ya misa, harufu ya bukari, ugali wetu, na samaki wa kukauka ikitoka jikoni, alitoa kamba kutoka mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa ngozi ya swala iliyosokotwa, imepakwa mafuta, nyeusi kama mkia wa panya. Alikandamiza ncha moja ya upinde kwenye kiatu, akaupinda mti kwa goti zima, akaivisha kamba ncha ya juu. Akaigonga kwa kidole, ikalia. Tulipomaliza kupiga boîte aliivua tena, akairudisha mfukoni. Muti nayo inachoka, alisema, kama bantu. Yeye mwenyewe alikosa mara nyingi, na kila mara kosa lilikuwa la boîte.

Jina la kamba tu ndilo lililobaki. Atakayelipewa, alisema, ndiye mwenye upinde. Nilienda shuleni kuuliza. Mwalimu akanipa neno la Kiswahili, upote. Nilirudi mbio. Nkambo alilisikiliza kwa heshima.

— Hiyo iko jina ya kitabu. Ile ya kamba yangu iko ingine.

Goti halikupona. Lori lilimrudisha Mitwaba akiwa amevaa koti lake, na miezi michache baadaye akazikwa nalo. Upinde ulibaki ukutani kwetu, umenyooka, bila kamba na bila mwenyewe.

Sasa uko kwangu. Binti yangu anajifunza kulenga katika kilabu mjini, na upinde wenye magurudumu madogo nchani na kioo cha kulengea. Mwalimu wa huko amewafundisha watoto kila sehemu kwa Kifaransa na bei yake. Vidole vyao vina nguvu ya kusukuma kioo cha simu, lakini mti wa Nkambo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuupinda.

Yaya Odette aliolewa Sakania. Kila Jumapili baada ya misa simu inalia, na ni yeye. Anasema Nkambo alimnong'onezea jina la kamba siku lori lilipoondoka. Nikimwambia alitaje, anajibu:

— Leta upinde kwanza.

— Taja jina kwanza, Yaya.

— Mutoto wa soko weye! Leta, macho yangu ingali inaona boîte.

Tumeuziana hivyo tangu mama angali hai, na hakuna aliyeshusha bei. Lakini neno la macho ameliongeza mwaka huu, na Jumapili iliyopita hakucheka alipolisema.

Ninyi wa rika letu, mliokuwa na nkambo wa kaskazini, nishaurini. Nikimpelekea upinde na kumbe hana jina lolote, nimepunjwa, na nitavumilia. Lakini akiwa nalo, akalitaja, nikalisikia: Jumapili itakayofuata atanipigia simu kwa ajili ya nini?