Mwalimu Aliyepiga Goti

Mwaka ule wa hamsini na sita, gauni la mwalimu wa watoto wadogo pale Mbalizi lilichakaa magotini kabla ya kwingine kokote. Mtoto akitaka kusema, mwalimu aliweka chaki kando, akapiga goti vumbini, akangoja. Kwa Chiku, mwenye kigugumizi, alingoja sana. "Sema tu, mama, sina haraka." Neno likatoka, na swali nyuma yake: "Nyungunyungu akikatwa na jembe, analia?" Baba yake, Mrisho muuza vitambaa, alichungulia dirishani siku hiyo, akaona aibu. "Huku watoto ndio huwapigia goti wakubwa," aliwaambia wazee wa shule. "Huyu anatuharibia." Wakakubali bila ubishi. Mwalimu akaamriwa asimame.

Mrisho akarudi kukagua alichokipata. Mwalimu alisimama wima ubaoni, mikono nyuma, gauni limetiwa viraka magotini. Chiku akanyanyuka. "Mwa... mwa..." Wenzake wakacheka. Mwalimu akaanza kuinama, akamwona Mrisho dirishani, akajinyoosha. "Kaa, Chiku." Njiani kurudi nyumbani Mrisho alimwuliza mtoto hiki na kile, mwishowe akapiga goti mbele yake barabarani, watu wakitazama. Chiku alitikisa kichwa tu.