Kitasa cha Zamani

Kacha, kacha. Miaka ile, binti wa Mzee Kitasa akitoka shule alizungusha ufunguo wa mlango mara mbili, ingawa mara moja ilitosha, na mdogo wake wa kiume nyuma yake akinung'unika njaa. Sauti hiyo haijamtoka mzee masikioni. Ujana wake wote, fundi huyu aliumalizia kwenye milango ya watu waliojifungia nje, na kila mwanawe alipoanza shule alimchongea ufunguo wake mwenyewe. "Kwenu hakubishwi hodi," aliwaambia.

Mwaka huu alilazwa hospitali. Aliporudi, ameshikwa mkono na mpwa wake wa kike aliyemuuguza, ufunguo uligoma. Wanawe, watu wazima wenye kazi zao, walikuwa wameipangisha nyumba. Walidhani mzee harudi tena. Akakitazama kitasa kipya: kimekaa upande, skrubu zimeliwa vichwa.

"Hata fundi wamemtafuta mwingine," alisema.

Mpwa alitaka kucheka, akamwona machozi.

Mpangaji alipohama, mzee, aliyekuwa akikaa kwa mpwa wake, alikwenda naye kwa wakili.

"Uwanyime urithi wote wawili, mzee? Sababu itabidi tuiandike."

"Andika walinizika mapema."

"Na nyumba?"

"Ya mpwa wangu. Na vyombo vya kazi. Yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko."

Akatia sahihi mbele ya mashahidi.

Walipofika nyumbani hakuketi. Alichukua bisibisi, akang'oa kile kitasa kilichopinda, akaleta kingine kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha zamani; alikiokota siku ile uani, kwenye takataka za yule fundi mwingine. Akakisugua kutu, akakitia mafuta, akakirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayemvika mtoto shati.

"Mjomba, si ungeweka kipya tu? Vimejaa kibandani kwako."

"Hiki bado kizima."

Akajaribu ufunguo. Kacha. Akasita, kisha akauzungusha mara ya pili, ambayo haikuwa na kazi. Kacha.

Mpwa aliutazama ufunguo.

"Lakini mjomba, funguo za hiki wanazo wale. Na leo hii umewaondoa kwenye urithi, hata wino haujakauka."

Mzee alikuwa akijifuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja. Hakuinua uso.

"Najua, mama," alisema. "Usiku usitie komeo."