Niliandika Kuwa Marehemu Alikuwa Mbishi, Leo Bintiye Ananiita Baba

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Kosa la wengi wanaojiandaa na ugonjwa wa mlipuko ni kumfundisha anayejua kuandika na kumwacha anayeitwa kwanza. Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya kwa mkono wangu. Nina miaka sabini na sita, bwana afya mstaafu, naishi Songea na mke wangu.

Vijana, niwaeleze kidogo. Ilikuwa miaka ya ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini. Biashara zilifunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yakawa yanashusha abiria kutoka kila upande, na kipindupindu nacho hakikuhitaji kibali. Tukaagizwa kuchagua watu wa mitaani tuwafundishe kabla ya mvua: kuchanganya klorini, kumpa mgonjwa maji ya sukari na chumvi, kumhudumia aliyekufa bila kuambukizwa. Barua ya maagizo ilitaka tu watu wanaoaminiwa na wenzao. Sharti la darasa la saba niliongeza mimi, maana nilipenda ripoti zenye mwandiko mzuri.

Mtaa wa Bombambili alikuwepo mama mmoja, nimwite Mama Otilia. Ndiye aliyezalisha wanawake wa mtaa ule, na mwanamke akifariki ndiye aliyeitwa kumwosha, hata kabla padri hajapata habari. Siku moja alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, Bwana Vyoo." Ndivyo walivyoniita mitaani, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo vyao. "Nasikia mnafundisha watu habari za kipindupindu. Mbona sisi tunaoosha marehemu hamtuiti?"

"Mama, fomu inataka aliyemaliza darasa la saba."

"Kwani maiti nao wanajaza fomu?"

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikamwambia kwa upole kwamba zamu yake itakuja. Nafasi ya mtaa wao nikampa kijana, nimwite Festo, mwenye mwandiko wa kupendeza. Wiki ile ya mafunzo tulivaa glavu mbele ya darasa, tukaonyesha namna ya kuzivua, na zilizobaki nikazifungia stoo zisubiri dharura.

Mvua zilipochanganya, bibi mmoja wa mtaa ule aliharisha na kutapika kutwa nzima, akafa alfajiri. Festo alifanya yote niliyomfundisha. Alijaza fomu bila kosa hata moja, akapanda baiskeli kuja kwangu kufuata klorini. Tulipofika, Mama Otilia alikuwa amekwisha kumwosha marehemu kwa mikono mitupu, na sasa alikuwa uani na wenzake wakisonga ugali wa msibani.

"Kwa nini hukumzuia?" nilimfokea Festo.

"Bwana Afya, chumba kile kilikuwa cha wanawake, ningeingiaje? Halafu yule ndiye aliyenikata kitovu. Mimi nimwambie nini?"

Baadhi ya waliokula ugali ule waliugua, tukawaokoa. Mama Otilia aliletwa kambi ya wagonjwa amechelewa, midomo imekauka, macho yamezama. Nilipoinama kumnywesha maji, alizitazama glavu nilizovaa.

"Kumbe zipo," alisema.

Alifariki siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na ripoti ya kuandika. Penye sababu ya kifo niliandika kipindupindu. Chini yake, penye maelezo, nikaandika: marehemu alikuwa mbishi, hakufuata maelekezo ya wataalamu. Maelekezo gani? Aliyafuata hadi ofisini kwangu, nikamrudisha. Lakini maneno hayo yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa, na tangu hapo ndivyo anavyokumbukwa mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa Bombambili.

Bintiye, Otilia, alikuwa darasa la tano. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na kazi yake ni ileile niliyoifanya mimi: anafundisha wahudumu wa afya wa mitaa kujiandaa na milipuko. Ananiita baba. Mahindi yakikomaa, ya kwanza kuchumwa huniletea mimi. Mwezi uliopita alinialika kwenye semina yake, akaniketisha mbele, kisha akawaambia wanafunzi, "Mama yangu mzazi alikufa kwa ubishi. Aliambiwa, hakusikia. Msiwe kama yeye." Nikaona kalamu zote zinaandika. Akanigeukia. "Au siyo, baba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jamani, ripoti niliiandika nikiwa na woga wa wakubwa wangu. Kwa kichwa hiki niliitikia nikiogopa nini? Nimestaafu, hakuna wa kunifukuza kazi. Niliogopa asije akaacha kuniita baba.

Sasa anaandaa kitabu kidogo cha mafunzo, na kisa cha mama yake anataka kiwe ukurasa wa kwanza. Jumatatu anakuja nyumbani nimsaidie maneno. Nimemweleza mke wangu yote. Amenijibu, "Ukimwambia, wewe utatua mzigo, yeye atajitwika. Mwache na amani yake." Mke wangu ni mtu wa busara, nami kwa miaka mingi nimemsikiliza. Lakini kila nikifumba macho naona kalamu zile zinaandika.

Nishaurini, wanangu. Nimwambie Otilia ukweli nimpoteze, au ninyamaze mama yake aendelee kuitwa mbishi kwa kosa langu? Jumatatu haiko mbali.

Nanyi msingoje Jumatatu. Leo hii ulizeni nani huitwa kwanza kuosha marehemu mtaani kwenu, mkampelekee glavu.