Celeste wa Palma na Vijana Wasioitwa

Celeste Nantimbo alizaliwa mwaka 1958 katika nyanda za Nangade, kusini mwa mto Ruvuma, binti wa katekista wa Kimakonde. Vita vya uhuru vilipowaka wazazi wake walimvusha mto huo angali mdogo, naye akasoma ugenini Tanzania, ambako alikipata Kiswahili chake safi na ile adabu ya kutoketi mbele ya mkubwa asipoambiwa. Baada ya uhuru alirejea, akatumwa kufundisha Palma. Alifiwa na mume mapema, wala hakujaliwa watoto. Wakristo wachache wa mji ule wa Waislamu walimjua kwa rozari yake. Mji mzima ulimjua kwa ukali wake juu ya uchelewaji.

Kuanzia mwaka 2010 habari za gesi baharini zilienea, na vijana wakaacha nyavu, mashamba na madawati, wakaenda kusimama langoni pa wenye mradi wakingoja majina yao yaitwe. Wengi hawakuitwa. Celeste alipita hapo kila asubuhi, na hofu ikamwingia isitoke: kijana asiyeitwa na mtu huitikia sauti yoyote. Ndipo akaanzisha chama cha Jumamosi uwanjani pa parokia, Muislamu na Mkristo pamoja, kwa kazi za mikono, Kireno na mpira. Kila kijana alipewa somo, kwa desturi ya pwani: mtu mzima wa kumwendea kwa siri zake na kula naye sinia moja.

Hapo alikosea, na maisha ya wacha Mungu hayaandikwi ili kuficha makosa. Kwa kuwatakia vijana kazi za haraka, aliwachagua masomo hao miongoni mwa maofisa waliotoka mbali, wenye Kireno kizuri na jamaa serikalini. Mwaka 2015 ukaja uhamisho wa maofisa hao. Abacar, yatima wa mvuvi, alimpenda ofisa Elísio kama baba; siku moja alibisha hodi, akafunguliwa na mpangaji mgeni. Wenzake wakamdhihaki: "Baba yako wa Kireno amekuachia funguo?" Akaacha kuja chamani. Punde ikasikika kwamba ataondoka na watu wa bara ambao ahadi zao zilikuwa tamu na majina yao hayakujulikana.

Celeste, homa ikiwa imekwisha kumshika, alikwenda nyumbani kwa Abacar, akapiga magoti mbele ya mama wa kijana, mwenyewe akiwapo, jambo ambalo mwalimu wa zamani halifanyi kirahisi.

"Mwanangu, nilikupa mpita njia nikakuambia ni nyumba. Kosa ni langu."

"Umechelewa, mama mwalimu," akasema Abacar bila kumtazama. "Jumatatu nasafiri."

Celeste akajikongoja hadi ua wa jirani, kwa Buanali, fundi wa mashua, akamwomba awe somo wa kijana.

"Dada, leo kanisa linaniamuru nimlee Muislamu mwenzangu?"

"Sina amri, kaka. Nina hofu."

"Hata mimi ninayo," akajibu Buanali. "Nilidhani ni yangu peke yangu."

Jumatatu Celeste hakuweza kuinuka kitandani. Gari la abiria la Pundanhar, la njia ya bara, lilikuwa likinguruma Abacar alipofika na mfuko wake, akamkuta Buanali ameketi kituoni.

"Mashua yangu imepasuka ubavu," akasema mzee. "Macho yangu hayaoni msumari."

"Mafundi wamejaa mjini, baba."

"Wamejaa. Nimekuja kukuita wewe."

Gari liliondoka bila Abacar. Baadhi ya waamini husimulia kwamba Buanali alisikia akiitwa kwa jina alfajiri ile, wala hapakuwa na mtu. Sisi hatuthibitishi, Kanisa litapima kwa wakati wake.

Buanali alimpelekea mgonjwa habari kwamba kijana yumo uani, ameshika nyundo. Celeste hakutabasamu, kwa maana hofu yake haikuwa ya siku moja. Alisema, "Basi mwiteni na kesho." Ndiyo maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa. Alifariki wiki hiyo, Februari 2016, na jeneza lake lilibebwa na mikono ya dini mbili.

Chama chake kingalipo, na siku hizi kila somo hutafutwa katika mtaa wa kijana mwenyewe. Anayetaka kumfuata Celeste asingoje utulivu wa moyo, kwani yeye hakuupata. Na atazame ua wa jirani, amwite kijana mmoja kwa jina lake kabla jua halijapanda.