Ufunguo wa Mbio za Jumamosi

Leo nimemjua atakayeshinda mbio za baiskeli za Jumamosi, na si Wachira wa Endarasha mnayemsifu.

Nilikuwa naenda kwa baiskeli kukagua ule mlima tutakaopanda. Pale Skuta, kwa kizuizi cha barabarani kinachofungwa kwa kufuli, askari akaniambia, "Leta kipande, nione jina lako."

Akakisoma.

"Shuka."

Na hii Hali ya Hatari, ukiambiwa hivyo unaaga watu wa nyumbani moyoni.

Kumbe alitaka baiskeli. Akaipanda, akapotea mlimani, akarudi anahema na kucheka.

"Niko kwa mbio pia. Wengine ni nani?"

Nikamtajia wote. Kisha nikauliza, "Afande, Jumamosi tukifika hapa, nani atatufungulia?"

Akapapasa mfuko wake. "Ufunguo niko nao mimi."

Haya, niambieni, mtu kama huyo tutampita wapi?