Vumbi la Njano Siku ya Jumapili

Kila kipupwe kilipoingia, shamba letu la Kitangari lilitutaka sote. Mke wangu na binti yetu walianza kwa kuteremka bondeni kuchota maji, wakapanda tena mlima na ndoo kichwani, kisha wakashika mafyekeo. Wao walifyeka majani chini ya mikorosho, mimi nikapogoa matawi yaliyokufa. Namshukuru Mungu kwa mikono ile. Baada ya usafi tulingoja jambo moja tu, salfa, ile dawa ya unga wa njano. Maua ya mkorosho yasipopuliziwa, ubwiriunga huyashika, yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, kisha yakanyauka, na mwaka umekwisha.

Zamani mashine ya kupulizia ilikuwa ya chama cha ushirika. Ilifuata njia nyumba kwa nyumba, na Jumapili ilipumzika. Biashara ilipoachiwa huria, chama kilikufa kimyakimya, na mashine ikawa ya mtu mmoja. Mwaka ule binti yetu alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari Masasi. Ada za shule zilikuwa zimerudishwa, na ada yetu ilikuwa bado maua juu ya miti.

Zamu yetu ikaangukia Jumapili.

Jumamosi mchana nilimwendea mwenye mashine, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe darasa la ubatizo. Nikamwomba anisogeze hadi Jumatatu.

"Shikamoo, Mwalimu. Jumatatu nateremka Chiwata, na huko nitakawia. Mashine haijui Jumapili."

"Wewe unaijua. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha, sikatai. Ila chakula cha wanangu hukunifundisha nikipate wapi."

Jirani yetu Mwislamu, ambaye mikorosho yake inagusana matawi na yetu, alipata habari akaja uani.

"Mwalimu, wewe nenda kanisani kwako. Mashine nitaishika mimi. Jumapili hainidai kitu."

Nikamwambia amri ya sabato inamhusu hata mgeni aliye shambani mwangu.

"Mgeni!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Babu yangu na babu yako waliuweka mpaka huu pamoja, leo mimi mgeni? Mama, hebu njoo umsikie mumeo!"

Mke wangu hakucheka. "Baba," alisema, "kondoo akitumbukia shimoni siku ya sabato, hutolewa. Ulihubiri mwenyewe."

"Kondoo ana uhai. Haya ni maua."

"Na binti yako je?"

Nikamwomba jirani aiache zamu yetu ipite. Asubuhi ya Jumapili nilisoma somo la kwanza kanisani kama kawaida. Wanakwaya waliingia wananuka salfa, mmoja ana vumbi la njano ndani ya sikio, wakaja mezani pa Bwana kwa utulivu kama watu waliolala mpaka kengele ilipolia. Niliwatazama, nikaona uchungu ambao hadi leo haujanitoka.

Mashine iliporudi kutoka Chiwata, maua yetu yalikuwa meusi. Ni mstari mmoja tu uliozaa, ule wa mpakani, kwa sababu vumbi la jirani lilivuka na upepo bila kuuliza dini ya mtu. Korosho zake hazikutosha ada. Nafasi ya binti yetu akapewa mwingine. Hakulia mbele yangu. Aliikunja sare aliyokwisha kushonewa, akampa mama yake, akachukua jembe.

Watu huniuliza kama nilikosea. Nimemwomba Mungu anionyeshe, na bado sijaonyeshwa. Hakuna mtu aliyenilazimisha kufundisha amri, na baada ya kuifundisha nisingeweza kuivunja siku iliponigharimu. Lakini gharama ile hakuilipa aliyefundisha. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa hili, ingawa shukrani hii ina ukakasi kama bibo bichi la mkorosho.

Mke wangu amekwisha kutangulia. Binti ana shamba lake ng'ambo ya njia, na mashine yake mwenyewe, na hupulizia siku apendayo. Jumapili za kipupwe, katika ibada ya alfajiri, nikiwa nasoma, mlio wa mashine yake huingia dirishani. Huanzia ng'ambo. Kisha huvuka njia, ukasogea upande wa kwangu, ukakaa huko kwa muda mrefu. Mimi huendelea kusoma.

Nikirudi nyumbani nakuta majani ya mikorosho yangu yana vumbi la njano, na yeye amekwisha kwenda. Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kusema. Korosho zikianguka, naziokota.